Fungate ya Watu Sita

Mwaka 2024 Siku ya Nyerere iliangukia Jumatatu. Kwa watu waliofunga ndoa Agosti na kurudi kazini wiki ileile, hiyo ilikuwa neema: Jumamosi, Jumapili na Jumatatu mfululizo, bila kumbembeleza bosi. Mimi nilishazigawa zote kichwani. Serengeti, chumba kizuri, mume wangu, basi. Yeye alikuwa na hesabu nyingine. Ni Mkurya wa Tarime, na kwao ile harusi yetu ya Mwanza, pamoja na kamati yake, MC wake na keki yake ya ngazi nne, ilihesabiwa kuwa utangulizi tu. Mke hajaolewa mpaka aonekane nyumbani.

Ramani ndiyo iliyotupatanisha. Wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti ni majirani, Mto Mara uko katikati yao, kwa hiyo tungeweza kulala kwao Jumamosi, kuvuka mto Jumapili hadi Mugumu, na Jumatatu alfajiri kuingia hifadhini. Kila mtu angepata chake.

Kisha habari zikavuja. Wasimamizi wetu wa ndoa, mtu na mkewe, walisema msimamizi haachi kazi nusu. Rafiki yangu niliyesoma naye uuguzi, ambaye usiku wa kuamkia harusi alikesha akinishonea gauni lililofumuka, alisema yeye hahitaji kualikwa. Na mume wangu alipokwenda kuazima Prado kwa rafiki yake wa bandarini, mwenye gari alikubali kwa sharti moja: usukani hashiki mtu mwingine. Fungate ikawa ya watu sita. Nilinuna kidogo, siwezi kukataa. Lakini mimi ni Mbondei wa Muheza, na kule upande wa Tanga nilikokulia sijawahi kuona maharusi wakiachwa peke yao. Yupo somo, yupo shangazi, wapo wanaoleta vyakula na wapo wanaopita kuulizia tu. Maharusi wawili peke yao ufukweni, machweo nyuma yao, ni mambo ya mabango ya hoteli.

Mwanza nayo ilikuwa inatufukuza. Kilele cha mbio za Mwenge mwaka ule kilikuwa hapo hapo mjini, tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere yenyewe, na tangu katikati ya wiki magari ya mikoani yalikuwa yanamiminika. Sisi tulitoka Jumamosi kabla ya jua wakati wenzetu wanaingia. Magu, Lamadi, kisha ule upande wa Ndabaka ambapo hifadhi inakuja mpaka kando ya lami na ziwa liko mkono wa pili. Sina la kusema juu ya kipande hicho maana nilisinzia mpaka Bunda.

Nilipoamka, gari zima lilikuwa linajadili kipigo.

Kila anayeolewa na Mkurya lazima aupitie mjadala huu. Mama yangu, tangu siku ya posa, alikuwa na swali moja ambalo hakulitoa mbele ya wageni: hao si ndio wanaopiga wake zao? Kazini waliniuliza kwa kicheko, sokoni kwa huruma. Kuna utani uliozunguka nchi nzima kwamba mwanamke wa huko asipopigwa hulalamika kuwa hapendwi, na nimeusikia kwa watu ambao hawajawahi kuvuka hata Kisesa. Mume wangu ameshauchoka. Kwa kawaida hunyamaza na kuangalia nje, na asubuhi ile alikuwa anaangalia nje.

Mke wa msimamizi ndiye aliyemwokoa. Anafundisha historia sekondari, na tulipofika njia panda ya kwenda Butiama alinyoosha kidole kwenye kibao. Akasema ndoa inayojulikana kuliko zote Tanzania ilianzia kwenye barabara hizi hizi. Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, na mwaka 1953 akamwoa Maria Waningu Gabriel, mwalimu, binti wa Baraki. Baraki leo iko Rorya, lakini Rorya imekuwa wilaya mwaka 2007 tu. Kabla ya hapo yote ilikuwa Tarime. Nyerere, Mzanaki, alikwenda Tarime kutafuta mke. Na mwaka 1955, alipouacha ualimu ili aishike TANU, mshahara ulikatika, na ni mkewe aliyefungua duka Dar es Salaam ili nyumba ile. “Kwa hiyo,” alisema mwalimu, “Jumatatu mkisherehekea Nyerere, mkumbuke nani alikuwa ananunua unga.” Wanaume wakacheka. Nilimwona mume wangu kwenye kioo ameanza kutabasamu.

Kirumi tulisimama. Daraja la hapo linauvuka Mto Mara pale ambapo umeshachoka kukimbia na umetawanyika kuwa bwawa kubwa la mafunjo kabla ya kuingia ziwani. Wauza samaki walizingira madirisha. Mwenye gari, ambaye hana simile, aliwauliza kama ng'ombe wameacha kuua samaki. Ilibidi nielezwe nini kinawachekesha. Machi 2022 maji ya mto huu yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa, watu wakaogopa kunywa. Kamati ya serikali ilipochunguza ikataja, pamoja na mimea iliyooza, kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Nchi ilicheka wiki nzima, na bungeni pia walikuwa na maneno. Mume wangu hakucheka wakati ule na hakucheka sasa. Kwake ng'ombe amesingiziwa, na bado anasubiri ng'ombe aombwe radhi.

Baada ya Utegi barabara inaanza kupanda, na hewa inabadilika. Sikuitegemea Tarime ya namna hii. Nilikuwa nimejijengea nchi kavu, ya vumbi na mikuki. Nikakuta baridi inayotaka sweta, migomba mpaka kwenye kingo za barabara, kahawa kwenye miteremko, na mawe makubwa ya mviringo yamekaa juu ya vilima utadhani kuna mtu aliyapanga akaondoka. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na udongo ulikuwa mwekundu wa kung'aa. Hata mkoa wa polisi wana wao, Tarime na Rorya, uliotengwa na Mara kwa sababu ya wizi wa mifugo na mapigano ya koo. Mume wangu alipokuwa mtoto alijua ni kijiji gani usipite ukiwa na jina la ukoo gani. Sasa boda boda zinapita kote.

Kwao ni juu ya mji, ukishika njia ya Nyamwaga na kuchepuka. Wifi yangu mkubwa alitupokea nje ya uzio, kabla sijakanyaga uwanja, akanivuta pembeni na kunipa masharti kwa haraka kama mtu anayenong'oneza majibu ya mtihani. Baba mkwe hapewi mkono. Huli naye. Hukai kwenye kiti alichokalia. Akiwa anakuja njiani, wewe unatafuta njia nyingine. “Si kwamba hakupendi,” alisema. “Akikukaribia ndipo ujue hakuheshimu.”

Mzee alikuwa chini ya mti, upande wa pili wa uwanja, karibu na zizi, kwenye kiti cha mbao. Ni mwanajeshi mstaafu. Alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, na amebaki na Kiswahili cha kambini, kilichonyooka, kila neno na nafasi yake. Niliinama nilipokuwa. Akaitikia kwa mbali. Kisha ukafuata mkutano wa ajabu ambao sijawahi kuuona kwetu: mzee akauliza swali, wifi akanigeukia na kulirudia neno kwa neno, ingawa nimelisikia vizuri, mimi nikamjibu wifi, naye akalipeleka jibu ng'ambo. Wazazi wangu hawajambo? Hawajambo. Muheza mvua imenyesha? Imenyesha. Nimekula njiani? Nimekula. Hodi hodi hiyo ilikwenda dakika kumi, na ilipokwisha mzee akaagiza kiti cha mgongo kiletwe kwa ajili yangu, akasimama kuangalia kimewekwa wapi, akasema kisogezwe kivulini. Nimeshatumiwa maua na wanaume wawili maishani mwangu. Kile kiti kimenikaa zaidi.

Marafiki zetu hawakuwa na masharti hayo. Msimamizi alikaribishwa kwa wazee kama mtu mwenye cheo. Hapo ndipo likaja suala la mahari.

Aliyelianzisha ni baba mkubwa wa mume wangu, mzee mwenye kofia ya sufu na bakora. Alitaka kujua walinichukua kwa ng'ombe wangapi. Msimamizi akaeleza kuwa Muheza wamepokea fedha. Mzee akauliza kiasi. Alipotajiwa, akafumba macho, midomo ikicheza, na sote tukanyamaza, maana ilikuwa wazi kuwa anazigeuza fedha kuwa mifugo kwa bei ya mnadani. “Wanne,” alisema, “na mbuzi.” Akafumbua macho. “Binti amesoma. Ni muuguzi. Ng'ombe wanne! Hao wa Muheza hawajui biashara, au wametuonea huruma?”

Kwa Wakurya mahari ni ng'ombe, na si ng'ombe wa kutaja. Ni wa kuhesabiwa mchana, mbele ya watu, na zamani walikuwa makumi. Wazee hawakukasirika kwamba fedha ni nyingi. Waliona aibu kwamba ni kidogo. Wakajadili kwa Kikurya, mume wangu akiwa ameinamisha kichwa, na uamuzi ukatoka: kwenye zizi la mzee atachaguliwa mtamba, aandikwe jina la mama yangu, ili kesho asitokee mtu akasema mke huyu aliokotwa. Mwenye gari alinipigia makofi. Mimi nilifikiria uwanja wa mama Muheza, ambao unatosha kuanika mihogo.

Mbuzi alichinjwa saa nane. Nyama ya kuchoma haina ugeni, lakini pembeni yake kulikuja bakuli la kichuri. Haya ni maji yanayokamuliwa kutoka kwenye majani ambayo mnyama alikuwa bado hajamaliza kuyasaga tumboni. Yanachemshwa, yanatiwa chumvi na pilipili, na unachovya nyama humo. Rangi yake ni kijani cha majani mabichi, harufu ni ya zizi baada ya mvua, na uchungu wake unafika nyuma ya ulimi na kukaa hapo. Wanaume wote wa mezani walikuwa wananitazama bila kunitazama. Nilichovya. Mara ya kwanza ni uchungu mtupu, mara ya pili unaanza kuonja nyama vizuri kuliko ulivyowahi, na mara ya tatu mkono unakwenda wenyewe. Rafiki yangu muuguzi alinikumbusha sikioni kuhusu homa ya kutupa mimba na tukauliza kimechemka muda gani. Kimechemka vya kutosha, tukaambiwa. Akachovya na yeye.

Chakula kingine kilikuwa jikoni, na jikoni ndiko nilikokaa jioni yote. Wifi alikuwa anasonga ugali wa mtama na muhogo, mguu mmoja ameukandamiza kwenye kijiti kinachozuia sufuria, mwiko wa urefu wa mkono mzima ukizunguka bila haraka. Nikaona hapa ndipo pa kuuliza. Nikauliza kama ni kweli wanavyosema.

“Wanaopiga wapo,” alisema bila kugeuka. “Na Muheza hawapo?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea kusonga, na habari aliyonipa ilikuwa nzito kuliko utani wote wa mjini. Yeye aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba. Bwana alikuwa anampiga. Kuondoka haikuwa shida ya miguu. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake walikuwa wamekwisha kutoka tena zizini, kwenda kumwolea kaka yake. Akirudi nyumbani, ng'ombe nao wanatakiwa warudi, na watatoka wapi kama si kwenye ndoa ya kaka? Ndiyo maana kila alipokimbia, mtu wa kwanza kumsihi avumilie alikuwa kaka aliyempenda kuliko wote. Ilichukua miaka. Aliyeimaliza kesi ni baba, yule wa chini ya mti, ambaye alikwenda mwenyewe na ng'ombe wake wa pensheni kuwarudisha. “Siku ile alikaa hapo hapo alipokaa leo,” wifi alisema. “Hakuniambia kitu. Aliagiza niletewe kiti.”

Nilimwangalia mama mkwe, aliyekuwa anachambua mboga. Hakuongeza neno. Alitupa vijiti vya mboga kwenye jiko.

Kabla ya giza wifi alinipeleka mji wa jirani kusalimia, na huko nikakutana na ndoa nyingine ambayo nilikuwa nimeisoma tu gazetini. Bibi mmoja mjane, asiye na mtoto wa kiume, alikuwa amekaa barazani na mke wake. Ndiyo, mke wake, aliyemtolea ng'ombe. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Bibi ndiye mwenye boma. Mke anazaa na mwanamume wanayekubaliana, na watoto ni wa nyumba ya bibi, wanachukua jina la ukoo na kurithi mashamba ambayo bila hivyo yangekwenda kwa ndugu wa marehemu. Wageni wengi wakisikia huwaza mambo ya chumbani, na wenyeji huchoka kuwasahihisha. Nilichokiona ni hiki: mke alimletea bibi maziwa, bibi akanusa, akasema yamezidi kuchachuka, mke akamjibu kwamba jana alisema hayajachachuka, na wote wawili wakacheka kwa namna ya watu ambao wamekuwa na ugomvi huo kwa muda mrefu. Wifi aliniambia njiani kwamba si zote ziko hivyo. Wapo wasichana wadogo wanaotolewa kwenye ndoa hizo kwa sababu tu baba anataka ng'ombe, na bibi wengine ni wakali kuliko mume yeyote.

Usiku ulikuwa wa litungu. Alikuja mpigaji mmoja, mtu mzima, chombo chake kina nyuzi nane na tumbo kubwa la mti uliochimbwa, sauti yake nzito inakwenda chini ya maongezi kabla hujaitambua. Aliimba majina. Aliimba jina la baba mkwe na vita alivyokwenda, akaimba jina la ukoo, kisha kwa msaada wa wifi akapenyeza la kwangu, na Muheza, ambayo aliitamka kwa shida. Kila anayetajwa anatakiwa kutoa kitu. Msimamizi alitoa elfu kumi, akatajwa tena, akatoa tena. Mkewe alimshika mkono aliposikia jina la tatu. Rafiki yangu na mwenye gari walitajwa pamoja kwa bahati mbaya, mpigaji akidhani ni mtu na mke. Hakuna aliyemsahihisha, hata wao.

Jumapili tuliondoka baada ya ibada. Barabara inapita Nyamwaga halafu inashuka Nyamongo, na hapo vilima vya kijani vinageuka vilima vya mawe ya taka, virefu na tambarare juu, kazi ya mgodi wa North Mara uliofunguliwa mwaka 2002. Malori, uzio, maduka ya jumla, vumbi. Hatukusimama. Tulivuka Mto Mara kwa daraja linalotoka Tarime kuingia wilaya ya Serengeti, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na upande wa pili nchi ikafunguka na kuwa pana. Migomba ikaisha, ikaanza mihogo, mtama, na makundi ya ng'ombe na watoto wenye fimbo.

Mugumu ni mji uliosahau kujitangaza. Watalii wengi wa Serengeti wanaingia kutokea Arusha au kwa ndege, na mji huu wa wilaya yenye jina hilo wanaupitia juu. Sokoni ukikaa nusu saa unasikia Kikurya, Kingoreme, Kiikoma na Kinata, na Kiswahili cha kuwaunganisha. Rafiki yangu alikuwa na mtu wa kumwona, muuguzi mwenzetu anayeijua vizuri Nyumba Salama, ile iliyojulikana kupitia Rhobi Samwelly, mwanamke wa huku huku aliyekeketwa akiwa binti na akaamua wengine wasipitie hapo. Mwenzetu alituambia Oktoba ndiyo wanaanza kuandaa magodoro. Shule zikifungwa Desemba msimu wa ukeketaji unaanza kwenye baadhi ya koo, ingawa sheria ya 1998 inaukataza kwa watoto, na wasichana wanatembea usiku kwa miguu mpaka mjini. Binti asiyekeketwa, wazee wengine bado wanaamini, hapati ng'ombe. Tulimsikiliza huku tunakunywa soda, sisi tuliotoka kuandikiwa mtamba jana yake. Rafiki yangu, aliyekuwa ametenga fedha kwa ajili ya hoteli nzuri zaidi, alimpa mwenzetu zile fedha, na sisi sote tukalala kwenye nyumba ya wageni ya kawaida. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mwenye gari, kwa sababu ya kitanda kifupi.

Sherehe yenyewe, kama ndiyo iliyokuwa sababu ya safari, ilifanyika kwenye uwanja wa nyumba ile ya wageni, meza mbili za plastiki zimeunganishwa. Msimamizi alitoa hotuba aliyonyimwa na MC Agosti. Ilikuwa ndefu. Mkewe alimaliza kwa maneno machache, kwamba sisi wawili tukigombana tusiende kwanza kwa wasimamizi, twende kwanza tukalale.

Jumatatu tulifika geti la Tabora B bado baridi. Kwa Mtanzania kiingilio kilikuwa kama shilingi elfu kumi na kodi yake, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Kilichotuchelewesha ni mtandao, na mwenye gari alipanda juu ya jiwe akiwa ameinua simu angani mpaka ujumbe ukaingia. Kutoka hapo hadi Kogatende tulikutana na twiga, tembo, simba wawili wamelala chali, na sitawaeleza maana kila mtu amewaona kwenye kalenda. Mto ndio niliokuja kuuona.

Nyumbu ni zaidi ya milioni moja, na wanakuja kaskazini kiangazi kwa sababu Mara ndio mto pekee kwenye ikolojia ile usiokauka mwaka mzima. Oktoba wengi wanaanza kugeuza, kwa hiyo unaweza kuwakuta wakivuka upande wowote. Sisi tulikuta kundi limejaa ng'ambo, kwenye ukingo wa mchanga, na magari yamejipanga mbali nyuma ya vichaka, injini zimezimwa. Wa mbele anashuka, ananusa maji, anarudi. Kundi zima linarudi. Dakika ishirini. Mwingine anashuka. Mamba mmoja alikuwa amelala kwenye jiwe, mdomo wazi, hana haraka kabisa. Msimamizi alisema hawa ni kama kamati ya harusi. Kisha pundamilia mmoja, wala si nyumbu, akaingia majini, na mto ukajaa.

Sauti ndiyo iliyonishangaza, ule mguno wa maelfu, na vumbi lililosimama juu ya ukingo kama moshi. Wanarukiana migongoni. Mamba alikamata mmoja, karibu na upande wetu, lakini wengi waliopotea walipotelea kwenye msukumano, wakakanyagwa au wakachukuliwa na maji. Watafiti waliohesabu mizoga kwenye mto huu walikadiria wastani wa nyumbu 6,250 wanaozama kila mwaka, na mizoga hiyo inalisha samaki na ndege kwa miezi. Nilipolisema hilo, mume wangu aligeuka taratibu. “Kwa hiyo nyumbu elfu sita wanaoza mtoni kila mwaka,” alisema, “halafu kesi wanapewa ng'ombe.” Hapo ndipo tulipocheka mpaka gari la jirani likatuonyesha kidole tunyamaze.

Walipokwisha kuvuka alinionyesha ng'ambo walikotoka. Ile ni Lamai, na Lamai ni Tarime. Kabla ya kuingizwa hifadhini miaka ya 1960, wazee wake walichunga kule. Baba mkubwa, yule wa kugeuza fedha, amezaliwa wakati ukoo bado una zizi upande huo. Aliongea kwa dakika kadhaa, jambo ambalo kwake ni nadra, akitaja vijito kwa majina aliyoyasikia tu. Sisi tuliovuka mto jana kwa daraja tulikuwa tumekaa Serengeti tunaangalia kwao kwa darubini ya kuazima. Rafiki yangu na mwenye gari walikuwa wamekaa juu ya paa, darubini ya pili ikipita kati yao mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tulitokea geti la Ikoma, tukapita Natta, na giza lilitukuta Bunda. Hapo mama akapiga simu.

“Wamekupokeaje?”

“Vizuri. Wamekupa ng'ombe.”

“Wamekupa?”

“Wewe, mama. Siyo mimi.”

Kimya. Mume wangu akaomba simu. Shikamoo mama, marahaba baba. Akaeleza: ni mtamba, mweusi mwenye doa jeupe, mwakani atazaa. Kumsafirisha kunahitaji kibali cha mifugo, halafu lori mpaka Mwanza, halafu hapo ndipo tungepanga. Mama akamsikiliza mpaka mwisho na kumwambia, kwa upole sana, kwamba yeye ana uwanja wa mihogo tu, na kama ni heshima ameipokea, sasa wamuuze wamtumie hela kwenye simu.

Mwenye gari alipunguza mwendo bila kuambiwa. Mume wangu alisema ng'ombe wa namna hiyo hauzwi. Mama akauliza, je akizaa? Akizaa, wanajadiliana. Na maziwa? Msimamizi akaegemea mbele akadai kuwa msimamizi naye ana fungu lake kwenye ndama wa kwanza. Mkewe akamwambia anyamaze. Tulipofika Lamadi mama alikuwa amekubali mtamba afugwe Tarime kwa jina lake, ila kila mwezi atumiwe picha, na asipewe mtu mwingine kumkamua bila yeye kujulishwa.